Kulima Marejea: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mwaka mvua za kwanza zinapokaribia, maswali huja yaleyale: mbegu kiasi gani kwa ekari, zipandwe lini, zifyekwe lini, je, mmea huu ni mboga au ni sumu, na imekuwaje jirani akapanda marejea na bado mahindi yake yakatoka ya njano. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, nikaona heri niyaandike kwa mpangilio, ili anayeanza awe na kitu cha kurejea akiwa shambani.

Marejea ni mmea wa porini wa jamii ya mikunde, ambao wataalamu huuita Crotalaria ochroleuca. Huota wenyewe kandokando ya njia, kwenye mashamba yaliyoachwa na katika nyika za nyasi sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki. Nchini Tanzania mmea huu ulipata heshima ya zao hasa kutokana na kazi iliyofanyika Peramiho, mkoani Ruvuma, ambako Padre Gerold Rupper wa abasia ya Wabenedikto aliwahimiza wakulima katika miaka ya 1980 waupande kama mbolea ya kijani, yaani mmea unaokatwa na kufukiwa ili urutubishe udongo. Magharibi mwa Kenya habari ni nyingine: huko hulimwa bustanini kama mboga, Wajaluo wakiuita mitoo na Waluhya wakiuita miro.

Amua kwanza unapanda kwa kazi gani

Mmea huu una kazi tatu, yaani kurutubisha udongo, kuliwa, na kutoa mbegu za msimu ujao. Karibu makosa yote ninayoyaona hutokana na mkulima kuzitaka kazi zote tatu kutoka kipande kimoja. Anayetaka mbolea hupanda kwa kubanana na kufyeka maua yanapoanza. Anayetaka mboga huchuma majani machanga na hataki kuona ua hata moja. Anayetaka mbegu hupanda kwa nafasi kubwa na kuuacha mmea ufike mwisho wa safari yake. Siku ya kukata ya mmoja ni hasara kwa mwingine.

Nalisema hili nikiwa nimeungua. Msimu wangu wa kwanza marejea yalichanua vizuri, nami nikajiambia niyaache kidogo nipate na mbegu za mwakani. Nilipokuja kuyakata, mashina yalikuwa magumu kiasi kwamba panga lilikuwa likidunda, na mama mkwe akayafunga mizigo akayapeleka jikoni. “Baba,” akaniambia, “safari hii umelima kuni.” Yaliyobaki niliyafukia, na baada ya siku tano nikapanda mahindi. Yaliota, yakafika magotini, kisha yakageuka njano na kudumaa palepale. Sababu yake nitaieleza kwenye hatua ya nane.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba ugawe eneo. Kwenye ekari moja ya mbolea, tenga kona ya hatua kumi kwa kumi kwa ajili ya mbegu, na kama unataka mboga, zipande karibu na nyumba kwenye tuta lake.

Hakikisha kwamba ni marejea kweli

Jenasi ya Crotalaria ina aina karibu 700, nyingi zikiwa za Afrika, na baadhi yake ni sumu kali kwa mifugo na kwa watu. Usiokote mbegu njiani kwa sababu tu umeona maua ya njano.

Marejea yana jani lenye vijani vitatu vyembamba na virefu, vilivyochongoka nchani. Mmea husimama wima na hufika kimo cha mtu mzima au kupita, kutegemea rutuba na mvua. Ua lake ni la njano iliyofifia, na ukilisogeza karibu na jicho utaona mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee imechorwa mgongoni mwa petali kubwa. Ganda la mbegu ni nene na limejaa hewa, karibu urefu wa kidole. Likikauka, ukilitikisa, mbegu hulia ndani. Hata hilo jina Crotalaria limetokana na neno la Kigiriki la ala ya kugonganisha mkononi. Mswahili wa pwani angelitafsiri kwa kayamba.

Ndugu wawili wa karibu huwachanganya watu. Wa kwanza ni Crotalaria brevidens, ambao nao ni mboga magharibi mwa Kenya, lakini majani yake ni ya kijani kinachoelekea bluu, maganda yake ni membamba zaidi, na uchungu wake ni mkali. Hauna madhara shambani, bali ukiupika ukitarajia marejea utashangaa. Wa pili ni Crotalaria juncea kutoka India, unaouzwa madukani kama mbolea ya kijani na unaotoa nyuzi za kamba. Huu una jani moja moja, wala si vijani vitatu, na maganda yake yana vinyweleo. Unaweza kuupanda kwa ajili ya udongo, ila usiuchume kuwa mboga.

Wa kuogopwa ni hawa: Crotalaria retusa, unaoonekana sana kwenye mchanga wa pwani, wenye jani moja lililopanuka nchani na kubonyea kidogo, na Crotalaria spectabilis, wenye majani mapana na maua makubwa ya kupendeza. Mbegu za hao huua kuku na nguruwe na huharibu ini la mifugo. Kanuni nyepesi ya kukumbuka ni kwamba ukiona jani moja pana badala ya vijani vitatu vyembamba, hayo si marejea.

Mahitaji

Kabla hujaanza, weka tayari vitu hivi:

- Mbegu safi kutoka kwa mkulima unayemfahamu, kituo cha utafiti wa kilimo au duka la pembejeo linaloaminika. Kwa mbolea ya kijani, weka kilo 8 hadi 10 kwa ekari ikiwa utarusha, au kilo 4 hadi 5 ikiwa utapanda kwa mistari.
- Mchanga mkavu, debe moja au mawili, wa kuchanganyia mbegu.
- Jembe, panga au mundu wenye makali, na tawi lenye matawi madogo mengi la kuburuta juu ya udongo.
- Mbolea ya fosfeti, kama TSP au ya Minjingu, ikiwa udongo wako unajulikana kuwa na upungufu wa fosforasi. Usinunue urea kwa ajili ya marejea, kwa sababu urea ni mbolea ya naitrojeni, chakula cha mmea ambacho mikunde hujitengenezea, na ukiipa ya bure haitahangaika kutengeneza yake.
- Kalamu na daftari. Bila tarehe ya kupanda hutajua tarehe ya kufyeka, na kumbukumbu ya kichwa haitoshi.

Hatua za kufuata

1. Jaribu uotaji wa mbegu. Hesabu mbegu 100, ziviringe ndani ya kitambaa chenye unyevu, kiweke mahali penye joto na ukinyunyizie maji kila siku kwa siku 7. Zikiota 80 au zaidi, endelea kwa kipimo nilichotaja. Zikiota kati ya 50 na 80, ongeza nusu ya kipimo. Zikiwa chini ya 50, angalia zile ambazo hazikuota: zilizooza zimekufa, lakini zilizobaki ngumu kama changarawe zina ganda lisilopitisha maji. Hizi ngumu zisugue kwa mchanga mkavu ndani ya mfuko kwa dakika chache, kisha loweka usiku kucha na kupanda asubuhi. Wapo wanaozichemsha, hao huishia kununua mbegu mara mbili.

2. Chagua kipande. Marejea huota kuanzia usawa wa bahari hadi karibu mita 2,000, na hayabagui udongo: yatakua kwenye mchanga, kwenye udongo mwekundu uliochoka, hata kwenye tindikali kiasi. Yasichokipenda ni kusimama majini na kukaa kivulini. Kwa hiyo usiyape kipande chako kizuri, yape kile ambacho mahindi yamekigomea. Kama kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kimekushinda, anzia hapohapo penye kiduha, kwani mizizi ya marejea huziamsha mbegu za kiduha zilizolala ardhini, nazo zikiamka hazipati cha kunyonya na kufa. Vivyo hivyo kwa bustani ya nyanya iliyoingiliwa na minyoo fundo, ile midogo inayovimbisha mizizi, maana marejea huipunguza.

3. Andaa udongo. Lima, vunja mabonge, ondoa magugu. Mbegu ni ndogo, na bonge kubwa kama ngumi litazifunika zisitoke kamwe. Ikiwa unatumia fosfeti, itandaze sasa na kuichanganya na udongo wa juu.

4. Panda kwa wakati. Penye msimu mmoja wa mvua, kama Ruvuma na nyanda za juu kusini, una njia mbili. Ya kwanza ni kukipumzisha kipande msimu mzima na kupanda mara mvua za Novemba au Desemba zinapotulia. Ya pili, ambayo wenye mashamba madogo huipenda, ni kupanda katikati ya mistari ya mahindi baada ya palizi ya pili, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Mahindi huvunwa, marejea hubaki yakila unyevu uliosalia. Usiyapande siku moja na mahindi. Yatakimbia kimo na kuyafunika, nawe utalaumu mmea kwa kosa la kalenda. Penye vuli na masika, panda mwanzo wa vuli, fyeka mwezi Januari, kisha acha majani yaufunike udongo hadi utakapopanda mahindi ya masika.

5. Sia mbegu. Kilo 8 kwa ekari ni sawa na gramu 2 kwa kila mita ya mraba, yaani ni kidogo kuliko mkono unavyotaka kutoa. Ndiyo maana nasema changanya na mchanga mkavu. Gawa mchanganyiko mafungu mawili. La kwanza lirushe ukitembea kwa urefu wa shamba, la pili ukikatiza kwa upana, ili palipokosa mara ya kwanza papate mara ya pili. Kisha buruta lile tawi juu yake ili mbegu zifunikwe sentimita 1 hadi 2, basi. Kwa mistari, chora vifereji vyenye umbali wa sentimita 30 hadi 50, mimina mbegu kwa uchache na kufukia kwa mguu. Kukiwa na unyevu, miche huanza kutokeza kati ya siku ya nne na ya kumi.

6. Palilia mara moja. Wiki mbili za kwanza marejea hukua polepole, na mkulima mgeni hudhani yamekataa. Palilia wiki ya tatu. Baada ya hapo yatafunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga, kazi ambayo ungeifanya wewe kwa jembe.

7. Kagua mizizi wiki ya sita. Chimba mimea mitatu au minne kutoka sehemu tofauti za shamba. Nasema chimba, using'oe, kwa sababu ukivuta, vinundu, yaani vivimbe vidogo vya mizizini, hubaki ardhini na utasema havikuwapo. Suuza mizizi taratibu kwenye ndoo ya maji, tafuta vinundu vilivyoshikamana nayo, kisha pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au waridi ndani, kama nyama mbichi, bakteria wamo kazini wakichukua naitrojeni hewani. Kikiwa cheupe, bado. Kikiwa cha kijivu au kijani, kimechoka. Ukishaiona rangi hiyo nyekundu kwa macho yako hutahitaji mtu wa kukushawishi.

8. Fyeka maua yanapoanza. Hii ndiyo hatua inayoamua faida au hasara. Siku sahihi hufika mara nyingi kati ya wiki ya 8 na ya 12, na ishara yake ni kwamba mimea michache imefungua maua ya kwanza huku mingi ikiwa na vitumba tu. Wakati huo majani ni mengi, shina bado linakatika kwa mundu, na ukilivunja halitoi mlio wa kijiti kikavu. Ukichelewa, mmea huhamisha utajiri wake kutoka kwenye majani kwenda kwenye mbegu, na shina hugeuka mti. Shina gumu likifukiwa, vijidudu vya udongo vinavyoliozesha huhitaji naitrojeni ya kujengea miili yao, na kwa kuwa shina haliwapi ya kutosha, huichukua ile iliyokuwa ya mahindi yako. Hapo ndipo mahindi yangu yalipougulia ile njano.

Ukitaka kujua umepata kiasi gani, pima mita moja ya mraba, kata kila kilichomo na upime uzito kikiwa kibichi. Ekari ni takriban mita za mraba 4,000. Kilo 3 kwa mita ni kama tani 12 za majani mabichi kwa ekari. Jaribu kukadiria gharama ya kusomba samadi ya uzito huo kwa mkokoteni, nawe utaelewa kwa nini wakulima wa milimani waliupenda mmea huu.

9. Fukia au tandaza. Kata mashina vipande vya urefu wa kiganja hadi dhiraa. Udongo ukiwa na unyevu na nguvu kazi ipo, fukia kwa jembe kina cha sentimita 10 hadi 15. Majani huoza haraka. Ukiwa huna nguvu kazi, au kipande kiko mteremkoni, yatandaze juu tu, kwani yatazuia jua na mmomonyoko, ingawa sehemu ya naitrojeni itapotelea hewani. Mizizi iache ilipo. Na usithubutu kuyachoma moto, kwa sababu naitrojeni uliyoilima miezi mitatu itaondoka na moshi.

10. Subiri, kisha panda. Toa wiki 2 hadi 3 kati ya kufukia na kupanda, udongo ukiwa na unyevu. Ukipanda mapema zaidi, miche itaota katikati ya joto na uozo. Ukichelewa sana wakati mvua ni kubwa, naitrojeni itazama chini ya mizizi. Panda zao lenye njaa ya naitrojeni: mahindi, mtama, mpunga wa mlimani, kabichi au nyanya. Kupanda maharage juu ya marejea ni kumpelekea chakula aliyekwisha kushiba.

Kwa anayetaka mboga

Tumia mbegu iliyouzwa kwa jina la mboga na si vinginevyo. Panda kwenye tuta lenye samadi iliyooza, mistari ikiwa na umbali wa sentimita 30, na kwa kuwa unataka majani malaini, hapa naruhusu umwagilie. Wiki ya nne au ya tano anza kupunguza kwa kung'oa mizima iliyobanana, hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza. Iliyobaki ikifika wiki ya nane, ikate kimo cha sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini ili ichipue matawi ya pembeni, kisha chuma kila baada ya wiki mbili. Kila kitumba cha ua kinachojitokeza, kikate.

Majani huchambuliwa kutoka kwenye vikonyo, huchemshwa vizuri, na mimi husisitiza maji ya kwanza yamwagwe, kwa ajili ya uchungu na kwa ajili ya usalama. Magharibi mwa Kenya huyachanganya na kunde au mrenda ili kupunguza ukali, huongeza maziwa, na wengine hutia magadi kidogo. Yakilala usiku na kupashwa kesho yake, ladha hutulia. Huliwa kwa ugali. Mimea yenye maganda usiichume tena hata kama majani yake yanaonekana mazuri, na mbegu zisiliwe kabisa wala kuchemshwa kuwa dawa. Mbegu za jamii hii hubeba alkaloidi zinazoumiza ini, na ini halilii siku ile unapolikosea.

Kwa mifugo, ng'ombe na mbuzi wanaweza kupewa majani machanga kwa kiasi, yakiwa yamechanganywa na nyasi nyingine. Mmea wenye mbegu usiwape. Kuku, nguruwe, punda na farasi usiwape kabisa.

Kwa anayetaka mbegu

Kwenye ile kona uliyoitenga, acha nafasi ya sentimita 50 kati ya mimea, na kata ncha mmea ukifika magotini ili utanuke. Usipulize dawa wakati wa maua, kwa kuwa wageni wake ni nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na bila wao maganda huwa machache. Maganda ya chini hukomaa mapema kuliko ya juu, kwa hiyo chuma kwa awamu, asubuhi kabla jua halijakausha umande, maana mchana hupasuka na kumwaga mbegu. Anika juu ya turubai siku 3 au 4, pura kwa fimbo, pepeta kwa ungo. Hifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko na uandike kwa herufi kubwa MBEGU ZA KUPANDA, SI CHAKULA, kwa sababu mtoto anaweza kuzidhania chakula.

Matatizo na tiba zake

*Miche haikutokeza.* Fukua kidogo kwa kidole. Ukizikuta mbegu kina cha kidole kizima, ulizifukia mno. Ukizikuta juu na ngumu, hazikulowa. Usipoziona kabisa, mvua ya kwanza ilizizoa, na hiyo hutokea sana mteremkoni. Rudia kwa mistari inayokatiza mteremko.

*Mimea ni myembamba na ya njano tangu mwanzo.* Kagua vinundu. Kama havipo au ni vyeupe, mara nyingi fosforasi imepungua, au kipande hakijawahi kuota mmea wa jamii hii. Chukua ndoo chache za udongo kutoka mahali ambapo marejea huota vizuri, uzitandaze na kuzifukia siku za mawingu. Njia hii ni ya kizamani lakini husaidia. Kama maji yamesimama, chimba mfereji; hakuna mbolea itakayofanya kazi ya mfereji.

*Maganda yana matundu na ndani hamna kitu.* Huyo ni kiwavi wa nondo mdogo mwenye mabawa meupe yenye madoa mekundu na meusi, anayekula mbegu akiwa ndani ya ganda na kuibeba sumu yake mwilini, hivyo ndege humkwepa. Kwenye shamba la mbolea mwache, utafyeka kabla hajaleta hasara. Kwenye kona ya mbegu pitia kila siku tatu, uokote viwavi kwa mkono na kuchoma maganda yaliyotobolewa.

*Viwavi wamekula majani yote.* Hili hutokea hasa pale marejea au ndugu zake wanapopandwa eneo kubwa, mwaka baada ya mwaka. Magharibi mwa Kenya aina nyingine ya Crotalaria iliyopandwa kupumzisha mashamba iliwahi kuachwa mashina matupu kwa namna hiyohiyo. Ukiona mashambulizi yanaanza na mmea una wiki saba au zaidi, fyeka mara moja. Msimu unaofuata panda kitu kingine, kama fiwi au mbaazi, na uyarudishe marejea baada ya hapo.

*Mimea inanyauka mmoja mmoja ingawa udongo una maji.* Pasua shina kwa urefu. Ukiona mstari wa kahawia ndani, ni mnyauko wa ukungu wa udongoni. Ng'oa, choma, na usichukue mbegu kutoka kipande hicho.

*Mahindi yaliyofuata ni ya njano.* Ulifyeka ukiwa umechelewa au ulipanda kabla ya uozo kumalizika. Ongeza mbolea ya kukuzia kidogo sasa ili kuyaokoa, na uandike tarehe zako za kufyeka na kupanda kwenye daftari, kwa kuwa mwakani utazihitaji.

*Marejea yameota yenyewe katikati ya mahindi ya msimu uliofuata.* Maana yake maganda machache yalikomaa kabla hujafyeka. Yapalilie kama gugu katika palizi ya kwanza. Yatakayoota baada ya palizi ya pili yaache yalipo, umeokoa mbegu.